Mmea wa Utafiti Hauna Jumapili

Barua ya wazi kwa Makamu Wakuu wa Vyuo, Rasi wa Ndaki na Wakuu wa Idara za kilimo na botania katika vyuo vikuu vya umma Tanzania

Waheshimiwa viongozi wetu,



Mimi ni fundi sanifu. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita ndani ya vitalu nyumba vya utafiti: mihogo kwa miaka mingi, nyanya na mahindi kwa vipindi. Nina jambo moja la kuwaambia. Watu wanaomwagilia, wanaopima na kuilinda mimea ya utafiti katika vyuo vyetu wanahesabiwa kama vibarua wa bustani, na kwa kuhesabiwa hivyo utafiti wenyewe unaharibika. Nawaomba muwaajiri, muwafundishe, muwalipe siku za mapumziko wanazofanya kazi, na muandike majina yao katika machapisho yanayotokana na jasho lao.

Najua wapo watakaosema kumwagilia maji hakuhitaji shahada. Kweli, hakuhitaji. Kunahitaji mtu yule yule, kila siku, anayejua anachokitazama.

Chukueni mhogo, maana ndio ninaoufahamu zaidi. Pingili imekatwa kwenye shina safi, ina macho manne au matano, imechomekwa kwenye kiriba chenye udongo uliopikwa kuua vimelea. Asubuhi, kabla jua halijashika paa la nailoni, mhudumu huanza na chumba cha mimea mizima na kumalizia na chumba cha mimea iliyoambukizwa. Akishaingia huku, harudi kule siku hiyo. Hamwagilii kwa kufuata ratiba ya ukutani. Ananyanyua kiriba kidogo kwa mkono mmoja apate uzito wake; chepesi kinapewa maji, kizito kinaachwa, kwa sababu mhogo ukikaa kwenye tope mizizi huoza wakati majani bado yanaonekana salama. Kisha anageuza jani changa la juu, polepole ili asitimue kilichomo, na kutazama upande wa chini. Hapo ndipo hukaa nzi mweupe, mdudu wa urefu wa takriban milimita moja, anayehamisha virusi vya batobato na vya michirizi ya kahawia kutoka mmea mmoja hadi mwingine. Akionekana hata mmoja katika chumba kisichotakiwa kuwa naye, mhudumu anayeijua kazi hufunga mlango wa ndani, humwita mtafiti, kisha huanza kupapasa chandarua chote kutafuta tundu lilipo.

Magonjwa haya mawili yana tabia tofauti, na anayekaa na mimea kila siku ndiye anayeziona mapema. Batobato hujitangaza juu: majani machanga hukunjamana na kuwa na mabaka ya njano na kijani kilichopauka. Michirizi ya kahawia hujificha. Kwenye majani dalili zake huanzia chini, kwa yale yaliyokomaa, umanjano ukifuata mishipa, huku kilele cha mmea kikibaki kibichi na cha kupendeza. Mkulima anaweza kulitazama shamba lake na kufurahi mpaka siku ya kuvuna, ndipo akate muhogo akute ndani madoa makavu ya kahawia, haufai kuliwa wala kuuzwa. Kwenye kitalu, mtafiti huja na daftari lake akaupa kila mmea alama kuanzia 1, yaani hakuna dalili, hadi 5, yaani hali mbaya kabisa. Kwa ugonjwa wa michirizi, alama hizo zinategemea sana majani ya chini.

Sasa nisikilizeni. Katika chuo kimoja nilichowahi kufanyia kazi, ambacho sitakitaja, fedha za mradi zilikatika katikati ya jaribio. Wahudumu waliozoea kitalu waliambiwa wasije tena, na kijana wa usafi wa majengo akapelekwa kushika nafasi yao kwa muda. Alikuwa kijana mwadilifu na mchapakazi. Aliona majani ya manjano yananing'inia chini ya kila mmea, akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye bustani nzuri angefanya: akayachuma yote, akayafagia, akayachoma moto. Kitalu kikapendeza. Mwanafunzi wa uzamili aliyekuja wiki ile kuweka alama alikuta mimea ya kijani, misafi, isiyo na hata jani moja la kupimia. Alilia pale pale mlangoni. Hakuna aliyekuwa amemweleza yule kijana maana ya jani la manjano, na hakuna aliyepangiwa kazi ya kumweleza. Lakini barua ya onyo ilimwendea yeye.

Sikukuu nazo ni msiba wa namna yake. Mhogo una sifa ya kustahimili ukame, na sifa hiyo ni ya haki, lakini ni sifa ya mhogo wa shambani wenye mizizi iliyotawanyika ardhini. Mhogo ulio kwenye kiriba cha lita chache za udongo, chini ya paa la nailoni, mwezi Februari, hauna pa kuchota. Ukikosa maji hudondosha majani, na huanza na yale ya chini. Yaani yale yale. Ofisi inafungwa Alhamisi jioni kabla ya Pasaka, ufunguo wa chumba cha pampu unabaki mfukoni mwa mtu aliyekwenda kwao kusalimia wazazi, na Jumanne asubuhi mtafiti anakuta sakafu imejaa majani asiyojua kama yameangushwa na ugonjwa au na kiu. Jaribio la miezi sita linapata shimo ambalo takwimu za aina yoyote hazitaliziba.

Mara nyingi shimo hilo halitokei, na sababu yake ni watu ambao ninyi hamwafahamu. Mhudumu anaamka siku ya Idd, anaswali, anapanda bodaboda kwa nauli yake, anaruka uzio kwa sababu mlinzi wa zamu hana taarifa zake, anamwagilia, anarudi nyumbani kula pilau na wanawe. Hakuna anayemwandikia saa hizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, inampa mfanyakazi saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki, na inaelekeza kwamba anayekubali kufanya kazi katika siku yake ya mapumziko alipwe maradufu. Mmeipitisha sheria hii katika kanuni zenu za utumishi kwa madereva na walinzi. Kwenye mlango wa kitalu imeishia nje.

Alikuwapo mzee mmoja tuliyemwita Babu, sisi wadogo. Watafiti walikuja na miradi yao, wakapata shahada za uzamivu, wakapanda vyeo, wakahamia wizarani. Yeye alikuwa pale pale. Babu alijua kwamba safu iliyo karibu na ukuta wa kupoozea hewa hurefuka kuliko safu iliyo upande wa feni, kwa kuwa hewa ikifika ng'ambo ya pili imeshapata joto. Alijua mwezi ambao jua la jioni hupenya chini ya kivuli na kuunguza meza ya kona. Alikataa lebo za kalamu ya wino, akadai penseli, kwa sababu wino hupauka juani na penseli haipauki. Profesa mmoja mgeni alipochora mpango wake wa kupanga viriba, Babu alimwambia kwa adabu zote kwamba makundi yake ameyalaza vibaya, ayageuze yafuate ukuta, la sivyo atakuwa anapima joto la chumba akidhani anapima mbegu. Profesa aliyageuza. Katika shukrani za chapisho lile walitajwa wafadhili, chuo, na mtu aliyesahihisha lugha.

Babu aliondoka uzee ulipomzidi. Hakuwa na mafao, kwani kwenye karatasi alikuwa kibarua wa siku miaka yote ile. Hakukuwa na daftari la makabidhiano wala mtu wa kukabidhiwa.

Kwa wale miongoni mwenu wanaoona hili ni la kupeleka ofisi ya rasilimali watu, naomba tuzungumze sayansi. Mwaka 1990 Janet Braam na Ronald Davis wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha katika jarida la Cell matokeo ambayo hawakuwa wameyaendea. Walikuwa wanachunguza homoni za ukuaji katika arabidopsisi, mmea mdogo wa jamii ya kabichi unaotumiwa sana maabara. Mimea mingine ilinyunyiziwa homoni, mingine maji matupu kwa ajili ya kulinganisha. Jeni zile zile ziliamka katika makundi yote mawili, na kwa haraka, ndani ya nusu saa hivi. Kilichoziamsha ni kule kuguswa: matone yakipiga jani, mkono ukilipapasa, upepo ukilitikisa. Na mmea uliokuwa ukiguswa mara kwa mara ulibaki mfupi kuliko mwenzake ulioachwa. Tangu siku hiyo mtu mwenye mkono mzito na bomba la maji hawezi tena kuhesabiwa kuwa yuko nje ya jaribio.

Miaka 20 baadaye, mwaka 2010, likatoka chapisho katika Plant Physiology ambalo ningependa kila mkuu wa idara alisome. Maabara 10 zilikubaliana kuotesha aina tatu za mmea huo huo kwa maelekezo yale yale, hatua kwa hatua. Matokeo ya ukuaji wa majani yalitofautiana kati ya maabara na maabara. Waandishi walieleza kwamba tofauti ndogo za mazingira, hasa mwanga, pamoja na namna mimea ilivyoshughulikiwa na watu, zinatosha kuzalisha tofauti kubwa za kuonekana na za ndani kabisa ya chembe hai. Hizo ni maabara zenye vyumba vya kudhibiti joto kwa kompyuta. Sisi wenye paa la nailoni na pampu inayozimika umeme ukikatika tunategemea nini, kama hatumtegemei mtu?

Na kwetu mtu huyu ana historia ndefu. Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na baiolojia mwaka 1902. Ilipokuwa mikononi mwa Waingereza, H. H. Storey akaueleza ugonjwa wa michirizi ya kahawia kwa mara ya kwanza, mwaka 1936, na pale pale yeye na R. F. W. Nichols wakafanya kazi ya kuchanganya mhogo na ndugu zake wa porini ili kupata aina zinazohimili magonjwa. Mhogo mmoja wa uzao wa Amani ulipewa namba 46106/27. Wakulima wa Kenya wanauita Kaleso; Tanzania unajulikana kwa jina la Namikonga. Mbegu nyingine kutoka Amani zilipelekwa Nigeria miaka ya 1950, na katika mimea iliyotokana nazo ukapatikana ule ulioitwa 58308, ambao taasisi ya utafiti ya IITA ya Ibadan iliutumia kuanzia miaka ya 1970 kuzalisha aina za TMS. Batobato kali ilipoifagia mihogo ya Uganda miaka ya 1990, aina za ukoo huo zilikuwa miongoni mwa zilizopelekwa kwa wakulima kuokoa chakula. Na Namikonga haijazeeka: mwaka 2017 watafiti walichapisha maeneo ya vinasaba vyake yanayohusika na ukinzani, baada ya kuizalisha na aina nyingine ya Tanzania iitwayo Albert.

Tafakarini maana yake. Aina ya mhogo haihifadhiwi kabatini kama mahindi. Inaishi kwa kukatwa pingili na kupandwa tena, msimu baada ya msimu, na kila mara kuna mtu anayeshika kisu, anayefuta kisu hicho kwa dawa kabla ya kugusa shina linalofuata, anayeandika lebo mpya na kuhakikisha namba haikukosewa. Ikikosewa mara moja, aina imepotea hata kama mmea upo hai. Majina ya Storey na Nichols yamo vitabuni, na yanastahili kuwamo. Ya wenyeji wa Amani waliochomeka pingili hizo sijayakuta katika chapisho lolote nililosoma. Namikonga iliyo mashambani leo ni kazi ya mikono yao.

Nigusie dawa, maana hapa ni uhai wa watu. Kitalu nyumba kimefungwa ili mdudu asiingie, na kwa kufungwa huko mvuke wa dawa hautoki upesi. Nimeona mtu akinyunyizia dawa ya wadudu akiwa amejifunga kitambaa puani, na wanafunzi wakaingia kupima saa hiyo hiyo kwa sababu hakuna kibao mlangoni kinachosema chumba kimepuliziwa lini na kitaingilika lini. Tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Barakoa ya chujio, glavu, buti na kibao cha tarehe haviwashindi. Bei yake yote haifiki posho ya kikao kimoja.

Kuna pia mambo madogo ambayo mafunzo ya siku mbili yangeyamaliza. Anayevuta sigara au kutumia ugoro anaweza kupeleka virusi vya batobato ya tumbaku kwenye nyanya kwa vidole vyake. Anaweza kunawa kwa sabuni kabla ya kuingia, akishaambiwa. Anayetoka shamba la mihogo asubuhi hafai kuingia kitalu na shati lile lile. Hayo hayaandikwi popote katika vitalu vyetu vingi. Huambizana mtu na mtu, na mtu akiondoka huondoka nayo.

Mwaka 2021 nchi yetu ilianza kutekeleza mradi wa HEET, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425, kwa ajili ya kuimarisha vyuo vikuu. Majengo yamepanda na vifaa vimenunuliwa. Nafurahi kwa moyo wote. Nimefanya kazi katika vitalu vilivyopasuka, nikashona chandarua kwa sindano na nyuzi za viatu, na sitaki kizazi kijacho kifanye hivyo. Lakini mkopo huu watalipa wananchi, wakiwamo wakulima wa mihogo wa Mkuranga na Newala, na haki yao ni kupata matokeo ya kuaminika. Kitalu kipya kisicho na mtu wa kudumu kitazalisha takwimu mbovu katika jengo zuri.

Kwa hiyo naomba mambo ambayo yamo ndani ya uwezo wenu bila kusubiri mfadhili. Mhudumu wa kitalu awe na nafasi katika ikama ya idara, yenye muundo wa kupanda daraja, badala ya kuishi na kufa na mradi wa mtu. Vyuo vya kilimo vya MATI vinatoa vijana wenye astashahada na stashahada kila mwaka, na wengi wao wanahangaika mitaani. Pamoja nao, wazoefu ambao hawana cheti lakini wana macho kama ya Babu wapimwe kwa wanachokijua na kutambuliwa. Kila andiko la kuomba fedha za utafiti linalopita mezani kwenu likataliwe iwapo halina kifungu cha malipo ya zamu za mwisho wa wiki na sikukuu. Mnapitisha maandiko hayo kwa sahihi zenu wenyewe. Mhudumu aitwe kwenye kikao cha kwanza cha kila jaribio, aelezwe kinachotafutwa, aulizwe anaonaje, kabla kiriba cha kwanza hakijajazwa udongo. Liwepo daftari la kitalu, la karatasi, lenye joto la kila siku, maji, dawa na tukio lolote, na liwe mali ya idara.

Kuhusu majina katika machapisho, najua kuna kanuni za nani anastahili kuitwa mwandishi, na siombi zivunjwe. Naomba zifuatwe. Aliyegeuza mpango wa jaribio likaokoka amechangia fikra. Na ambaye mchango wake ni wa mikono tu, atajwe kwa jina lake kamili katika shukrani, asifichwe ndani ya maneno "wafanyakazi wa kitalu".

Kwenu wahadhiri na wanafunzi wa uzamili mnaosoma barua hii pembeni: mngoje uongozi uamue mambo ya ikama, lakini jina la mtu mnaweza kuliandika leo. Rasimu ipo kwenye kompyuta zenu.

Waheshimiwa, mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1, na maoteo ya ikama huandaliwa miezi kadhaa kabla. Kabla hamjasaini ya safari hii, muulizeni kila mkuu wa idara yenye kitalu nyumba nani atamwagilia siku ya Krismasi, ana mkataba gani, na nani amemfundisha. Idara isiyo na jibu, iongezeeni nafasi moja.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Fundi sanifu wa kitalu nyumba